"Inaingia Hiyo, Bosi"

Barua ya wazi kwa wauza rimu na mafundi wa matairi wa Dar es Salaam

Ndugu zangu wauza rimu, mafundi wa matairi, na vijana mnaoshika jeki na spana kuanzia Kariakoo, Gerezani na Ilala hadi kwenye vibanda vya kandokando ya Barabara ya Morogoro,



YAH: NENO "INAINGIA"

Naandika nikiwa mteja wenu. Jina langu halitawasaidia kitu, lakini gari langu baadhi yenu mmelifungua na kulifunga mara kadhaa: Premio ya rangi ya fedha, ya mwaka 2005, injini ya sisi 1,800. Nakaa Kibaha na nafundisha fizikia katika sekondari moja ya mjini. Kilomita 40 kwenda, 40 kurudi, siku tano za wiki. Asubuhi gari hilo hubeba walimu watatu na madaftari yao. Jioni hurudi na gunia la mchele au mifuko miwili ya saruji kwenye buti. Jumapili hubeba ukoo mzima kwenda ibadani. Si gari la maonesho. Ni gari la riziki.

Pamoja na hayo, nami ni binadamu. Mwaka jana nilichoka kutazama rimu zangu za chuma na wilikapu zilizopasuka, mbili zimefungwa kwa waya. Nikataka gari livae viatu vipya. Wala sioni haya kulisema, maana rimu nzuri hubadilisha sura ya gari kama koti la suti linavyombadilisha bwana harusi. Kwa hiyo barua hii haikuja kuwakemea watu wanaopenda spoti rimu. Imekuja kwa ajili ya jibu moja nililopewa dukani, ambalo naamini kila mwenye gari mjini hapa ameshawahi kupewa.

Duka silitaji, kwa sababu jibu lile ningelipata kwenye duka lolote la jirani. Nilioneshwa seti ya rimu za inchi 17 zilizotolewa kwenye Subaru, bado zimevaa matairi yake, 215/45R17. Nikauliza, "Hizi zitakaa kwenye Premio?" Kijana hakunyanyua macho kwenye simu. "Inaingia hiyo, bosi. Toa shaka." Fundi akapiga jeki, akavalisha rimu ya kwanza, akafunga nati tano kwa mashine ya upepo, ya pili, ya tatu, ya nne, na kabla chai yangu haijapoa kazi ilikuwa imekwisha. Kweli iliingia. Nikalipa, nikapiga picha, nikamrushia mke wangu.

Kwenye foleni ya Kimara sikuhisi kitu. Barabara ilipofunguka na mshale kugusa 80, usukani ukaanza kutetema kama mkono wa mgonjwa wa homa. Kesho yake nikarudi. Nikaambiwa ni balansi. Wakapiga balansi, mashine ikasoma sifuri ndani na sifuri nje. Usukani bado unatetema. Nikaambiwa ni alaimenti, nikalipia alaimenti. Nikaambiwa ni tairodi. Nikabadilisha zote mbili. Nikaambiwa ni bushi, kisha beringi ya mbele kushoto. Ndani ya miezi miwili nilikuwa nimetumia fedha nyingi kuliko bei ya rimu zenyewe, na ugonjwa uko palepale. Tairodi nilizozitoa ninazo nyumbani hadi leo. Ni nzima.

Aliyeniponya ni mzee mmoja fundi wa kulekule Kibaha, gereji yake iko chini ya mwembe. Hakutaka hata kuliendesha gari. Alivua rimu moja, akafuta matope kwenye tundu la katikati, akaomba kalipa. Hakuwa nayo. Mimi ninayo, tena ipo kwenye begi langu kila siku, kwa sababu kalipa ya venia ndicho kifaa ninachoanza nacho kidato cha kwanza. Akapima habu ya Premio: milimita 54 na nukta. Akapima tundu la rimu: milimita 56 na nukta. Akanirudishia kalipa yangu bila haraka. "Mwalimu," akasema, "rimu yako inaogelea."

Ndugu zangu, niliona aibu. Nafundisha vipimo miaka yote hii, na siku ya kununua kitu kitakachobeba watoto wangu sikupima chochote. Kwa hiyo sehemu ya kosa ni yangu, na nitairudia huko mbele. Lakini nanyi nipeni nafasi niseme lililonileta: kati ya rimu kuingia na rimu kukaa kuna safari ndefu, na ninyi mnatuuzia ya kwanza kwa jina la ya pili.

Mnachokitazama ninyi ni matundu ya nati. Hapo siwalaumu, macho yenu ni makali. Mtu akiwatajia Vitz mnajua nne kwa 100, yaani matundu manne kwenye duara la milimita 100, akitaja Mark X mnajua tano kwa 114.3, akitaja Prado mnajua sita kwa 139.7. Premio yangu ni tano kwa 100, na Subaru nyingi za zamani ni tano kwa 100. Ndiyo maana iliingia. Ila Toyota ndogo zina kitovu cha milimita 54.1, na Subaru hizo zina kitovu cha milimita 56.1. Milimita mbili ni unene wa sarafu. Kwenye kabati au mlango hakuna atakayeziona. Kwenye tairi ni habari nyingine: tairi la ukubwa wa lile langu huzunguka zaidi ya mara 11 kila sekunde gari likiwa kwenye 80, na karibu mara 14 likiwa kwenye 100. Rimu ikikaa upande hata kwa milimita moja, inapiga ngoma mara 11 kwa sekunde kwenye mikono ya dereva.

Na hapa ndipo mashine yenu ya balansi ilipotudanganya sote. Mashine ile huishika rimu kwa koni inayoingia kwenye tundu la katikati. Pale juu rimu imekaa sawasawa, kwa hiyo inasoma sifuri, na sifuri hiyo ni ya kweli. Ukiifunga kwenye gari, tundu halishikwi na kitu. Linategemea nati peke yake, na nati zikifungwa moja moja kwa mashine ya upepo, ya kwanza ikikazwa hadi mwisho kabla ya pili kuguswa, inaivuta rimu upande wake na kuiacha hukohuko. Rimu iliyolala sawa kwenye mashine inaamka imepinda kwenye gari. Fundi asiyejua hilo atabadilisha kila kilichomo chini ya gari, mpaka mteja aishiwe fedha au subira.

Dawa yake ilikuwa pete nne nyembamba za alumini, ndani 54.1, nje 56.1. Mzee alimwelekeza fundi wa mashine ya kukereza, akazichonga siku hiyohiyo. Gharama haikufika bei ya tairodi moja. Tangu siku ile usukani umetulia. Pete hizo zingekuwa kwenye kopo dukani kwenu, ningezinunua bila kuomba punguzo.

Sasa, kwa kuwa nimeshaanza kupima, sikuweza kuacha. Mwalimu akishika kalipa ni kama mtoto kushika nyundo. Nikasoma na yale maandishi ya kwenye ubavu wa tairi, ambayo wengi wetu tunayaona kama urembo.

Tairi la kiwandani la gari langu ni 195/65R15. Maana yake upana ni milimita 195, na ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, yaani karibu milimita 127 za mpira na upepo kati ya rimu na lami. Lile la 215/45R17 lina ubavu wa karibu milimita 97. Kwa urefu wa jumla matairi haya mawili hayapishani sana, ni asilimia moja na nusu tu, ndiyo maana kwa macho gari lilionekana limetulia. Lakini nilikuwa nimeuza sentimita tatu za mto. Sentimita tatu ndizo zilizokuwa zinasimama kati ya rimu yangu na mashimo ya barabara za mitaani kwetu, kati ya kiuno changu na matuta ambayo hakuna aliyeyapaka rangi. Wiki ya tatu nilidumbukia shimo lililojaa maji ya mvua. Tairi la 15 lingenguruma tu na kupita. Lile la 17 lilivimba ubavu kama jipu, na rimu ikapata kibonyeo.

Baada ya ukubwa huandikwa namba nyingine na herufi moja. Kwenye tairi langu la zamani ni 91, na kwenye lile jipya ni 87. Sijawahi kusikia muuzaji akiitaja. Namba hiyo ni mzigo: 91 ni kilo 615 kwa tairi moja, 87 ni kilo 545. Pungufu ni kilo 70, mtu mzima mmoja kwa kila kona ya gari. Kwenye karatasi bado yanatosha, siwezi kuwasingizia. Ila akiba imepungua, na akiba ndiyo inayofanya kazi siku buti lina saruji, nyuma wamekaa watu wazima watatu, jua la Februari liko utosini, na upepo haujapimwa tangu mwezi uliopita. Tairi hilohilo la 215/45R17 hutengenezwa pia la 91, lile lenye alama ya XL. Pengine lilikuwepo dukani, kwenye rafu ya nyuma. Hakuna aliyeniuliza nabeba nini.

Huo ulikuwa msiba wangu, na ulikuwa mdogo. Kuna wenzangu waliokwenda mbali zaidi. Kijana mmoja mtaani kwetu alilivalisha gari lake rimu za upana wa inchi nane zenye ET 20, badala ya zake za sita zenye ET 45. ET, kama mjuavyo, ni umbali wa uso unaogusa habu kutoka katikati ya upana wa rimu; ikipungua, tairi linatoka nje. Nikamchorea hesabu mchangani: inchi mbili za upana zikigawanywa pande mbili, nje zinatoka milimita 25, ongeza 25 za ET, tairi limechungulia nje sentimita tano. Gari linapendeza, limesimama kama mwanamieleka. Lakini beringi ya habu ilitengenezwa kubeba uzito karibu na yenyewe. Wewe umeusogeza nje, na kila kilo inavuta kama ndoo iliyoning'inizwa kwenye mti mrefu zaidi. Akipakia watu, madigadi yanalikata tairi. Fundi wenu akamtatulia kwa nyundo: akakunja ukingo wa madigadi kwa ndani. Rangi ikapasuka, na mvua za masika zimeshaanza kula bati.

Wengine wanakwenda upande wa ukubwa. Mtu mwenye gari kama langu akifungiwa 225/45R18, tairi lote linakuwa kubwa kwa karibu asilimia nne. Dashibodi yake ikisema 50, gari linakwenda 52. Kwenye makazi ya watu, 50 ndiyo mwisho, na tochi ya trafiki haisomi dashibodi.

Kuhusu nati nataka tukae kidogo, maana hapo ndipo mchezo unapogeuka kuwa kilio. Kwenye meza zenu kuna kopo, au ndoo ndogo, iliyojaa nati za kila ukoo. Kwa macho ni ndugu. Toyota ndogo na Honda hutumia stadi ya milimita 12 yenye meno ya hatua ya 1.5. Subaru, na Nissan nyingi, ni milimita 12 hiyohiyo lakini hatua ya 1.25. Nati ya moja ukiianzisha kwa mkono kwenye stadi ya nyingine, inashika jino moja au mawili kisha inagoma. Mkono una hekima, unakuambia "si yangu hii." Mashine ya upepo haina masikio. Inasukuma, inakata meno, inafika mwisho, na fundi anaona nati imekaza. Jirani yangu mwenye X-Trail alipata pancha usiku njia ya Chalinze. Alipojaribu kufungua, stadi mbili zilikatika na kubaki mkononi mwake pamoja na nati. Nati za Toyota zilikuwa zimebebeshwa gari la Nissan, tangu lini hajui.

Tena nati zina sura. Rimu nyingi za dukani zinataka nati yenye koni. Rimu za aloi zilizotoka kiwandani na Toyota nyingi zinataka nati yenye shingo na washa bapa. Honda wana nati yenye kichwa cha duara kama goroli. Koni ikiwekwa kwenye tundu la goroli inagusa kwenye mstari mwembamba tu, kama mwanamke aliyesimama na kisigino kirefu kwenye mchanga. Leo imekaza, kesho imelegea. Na ukiweka spesa, ile sahani inayosukuma tairi nje, stadi inabaki fupi. Kanuni yangu ya darasani ni rahisi: nati ya hatua ya 1.5 kwenye stadi ya milimita 12 izunguke mara nane kabla ya kukaza, ili meno yaliyoshikana yafike unene wa stadi yenyewe. Ikikaza kwenye mzunguko wa nne, msinifungie. Nitarudi na rimu zangu za chuma.

Na kukaza kwenyewe kuna kipimo chake. Kwa Toyota ndogo kitabu kinasema niutoni mita 103. Msiogope jina. Ni sawa na kuning'iniza kilo 30 kwenye ncha ya mpini wa sentimita 35. Kijana wenu mwenye kilo 70 akipanda na kusimama kwenye ncha ya spana hiyo, amekaza kwa niutoni mita 240, zaidi ya mara mbili. Anadhani ametusaidia. Stadi ni chuma, na chuma kikivutwa kupita kiasi hurefuka na hakirudi. Kitakatika siku nyingine, mbele ya mtu mwingine. Zikazwe kwa zamu, kama unavyochora nyota, kwanza polepole gari likiwa hewani, mwisho kwa kipimo tairi likigusa chini, halafu mwambieni mteja arudi baada ya kilomita 50 hadi 100 mzikague tena. Hamtapoteza kitu. Atakaporudi atanunua na kofia za valvu.

Mengine nayapitia mbiombio kwa sababu mnayajua kuliko mimi. Tarakimu nne za mwisho wa ule msururu unaoanza na DOT ni wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye kashata nzito lakini limezaliwa kabla mwanangu hajaanza shule si jipya. Mpira huzeeka hata ukiwa stoo. Tairi lenye neno STUDLESS ubavuni lilitengenezwa kwa theluji za Hokkaido. Mpira wake ni laini ili ushike barafu, na kwenye lami ya Dar es Salaam saa saba mchana huyeyuka kama siagi. Rimu ya Japani yenye mhuri wa JWL na VIA imepita majaribio ya kupigwa, kupindwa na kuzungushwa. Ile iliyoigwa umbo la rimu maarufu ya TE37 bila mhuri wowote imepita macho ya muuzaji tu, na hata mhuri uutazame mara mbili, maana anayeweza kuiga rimu hashindwi kuiga herufi tatu. Na rimu ya aloi iliyopasuka, ikachomelewa, ikapigwa rangi nyeusi, tafadhali iandikeni hivyo. Moto wa kuchomelea huondoa ule ugumu iliopewa kiwandani. Kuna mtu atainunua kwa ajili ya sufuria la maua. Mimi siitaki mbele kushoto.

Sasa nigeuke upande wenu, maana kesi ya upande mmoja si kesi. Najua kodi ya fremu inavyopanda. Najua mteja anakuja na picha kwenye simu, gari la mtu wa Dubai, anasema, "Nataka kama hii, tena chini kabisa." Najua akiambiwa haitakaa, anavuka barabara na kufungiwa na jirani, na jioni anapita mbele ya duka lako akipiga honi. Najua tunavyolilia punguzo la shilingi elfu kumi kwenye rimu, halafu tunanunua kava la usukani la elfu thelathini. Na najua wengi wetu tunapoambiwa kipimo hatusikilizi. Mimi mwenyewe nilikuwa na kalipa kwenye begi.

Lakini tazameni ni nani mwingine aliyepo. TBS hukagua gari la mtumba linaloletwa nchini. Haikai dukani kwenu Jumamosi mchana. Askari wa usalama barabarani akinisimamisha anatazama kama tairi ni kipara, anatazama leseni na stika ya Nenda kwa Usalama. Hana kalipa mfukoni, na hata angekuwa nayo hawezi kuvua tairi pale Kibaha kwa Mathias huku malori yanapita. Kati ya bandari na barabara, mtu wa mwisho kuigusa nati kwa mkono kabla ya watoto wangu kupanda ni wewe fundi. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 imeandikwa kwa maneno mengi, lakini katika dakika zile mbili za kufunga nati sheria yote iko kwenye kiganja chako. Ndiyo maana sikuiandika barua hii kwa waziri.

Ninachoomba hakihitaji mkutano wa hoteli. Naomba kila duka liwe na kalipa, moja tu, na mtu anayejua kuisoma. Nikitakiwa kuja kuwafundisha, nitakuja Jumamosi, na ada yangu ni soda. Naomba pete za kati ziwe kwenye rafu kama zilivyo valvu. Naomba kopo la nati livunjwe: za 1.5 huku, za 1.25 kule, za koni mbali na za washa bapa, na nati ianzishwe kwa mkono kila mara kabla ya mashine kuguswa. Naomba spana ya kipimo. Zaidi ya yote naomba risiti iandikwe vitu vinavyosema ukweli. Risiti yangu iliandikwa "rimu 4 na tairi", basi. Ingeandikwa matundu, kitovu, upana na ET, ukubwa wa tairi na mzigo wake, wiki na mwaka, nisingekuwa na la kulalamikia, kwa sababu ningekuwa nimeshaona mwenyewe 56 na 54 zikitazamana kabla sijatoa fedha.

Na mkubaliane wote. Hapo ndipo penye ugumu, nalijua, kwa sababu anayekataa peke yake anapoteza mteja. Lakini duka la kwanza hadi la mwisho mtaani mkitoa jibu moja, mteja atavuka barabara na kulikuta jibu lilelile linamsubiri. Wauza nyama wote hupima kwa mizani. Ninyi mnauza kitu kinachokwenda 100 kwa saa.

Kwetu wateja nasema kwa kifupi: fungua mlango wa dereva, utazame kile kibandiko kwenye nguzo. Ukubwa wa tairi umeandikwa, na upepo umeandikwa. Gari la Japani litakuandikia kilopaskali. 220 ni sawa na 32 za kwenye geji ya sheli. Kipige picha kabla ya kutoka nyumbani. Ile picha ya gari la Dubai iwe ya pili.

Nimalizie na biashara, maana najua hadi hapa mmeshajiuliza mwalimu huyu ananunua au anahubiri. Nanunua. Lile tairi lililovimba nililitupa, na tangu hapo, kwa mbele, natembelea matairi yasiyo pacha. Nimeamua kushuka hadi inchi 16, sura ibaki na kiuno kibaki. Jumamosi hii nitapita mtaani kwenu kutafuta rimu nne na matairi manne: matundu tano kwa 100, kitovu 54.1 au kikubwa zaidi chenye pete zake, upana sita na nusu, ET kati ya 40 na 45, nati za koni milimita 12 kwa 1.5, matairi 205/55R16 yenye mzigo usiopungua 91, yasiyozidi miaka mitatu. Zile za 17 ninazo, na pete zake ninazo. Mwenye Subaru akizitaka zimrudie mwenyewe, nitamwonesha na kibonyeo kilipo.

Mkiwa nazo, nitalipa taslimu na sitaomba punguzo. Mkiwa hamnazo, niambieni "hatuna." Sijawahi kulisikia jibu hilo kwenye duka la rimu, na siku nitakayolisikia, duka hilo ndilo nitakalowapeleka walimu wenzangu wote.

Wenu,
Mwalimu wa fizikia, mwenye Premio ya fedha
Kibaha